Kupe watatu, milioni tatu: kupima bei ya gari la zamani lililofufuliwa

Gari la milango miwili lenye paa linaloteremka nyuma, mafundi wa huku kwetu huliita kupe. Nadhani wanajua wanachosema. Kupe wa mbuzi hunyonya damu, na huyu wa barabarani hunyonya akaunti.

Mpwa wangu anafanya kazi Kisumu, mtoto wake wa pili hata hajaanza kutembea, na bado ameapa kununua kupe. Alinipigia simu: "Mjomba, nimepata matatu, yote bei moja. Njoo unitazamie." Kulikuwa na Mercedes-Benz 280 CE Nakuru, Peugeot 504 Coupé hapo hapo Kisumu, na Datsun 240Z Eldoret. Kila muuzaji alitaka shilingi milioni 3, na matangazo yote matatu yalisema gari limefufuliwa kabisa.

Nilimaliza Jumamosi tatu chini ya magari hayo. Bei ilikuwa moja, ila kilichokuwa kikiuzwa hakikuwa kimoja.

Bei ya muuzaji inatoka wapi

Mwenye gari lililofufuliwa huanzia kwenye faili la risiti. Alilinunua laki 4, bodi ikala laki 9, injini laki 6, halafu viti, kromu, tairi, na mwisho anaongeza jasho lake. Faili hilo ni historia ya mfuko wake. Kazi ya kufufua mara nyingi hula pesa kuliko gari linavyoweza kurudisha sokoni, kwa hiyo anayedai kila senti anatafuta mtu wa kumtua hasara. Hata hivyo usilitupe faili. Risiti ya bati lililokatwa na kuchomelewa upya, ikiwa na tarehe na picha za gari likiwa uchi, ina uzito. Risiti ya rangi ina uzito wa karatasi.

Upande wa pili kuna uhaba. Kanuni ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, iitwayo KS 1515:2000, humfungia mlango mwagizaji wa gari lililozidi miaka 8, kwa hiyo magari ya miaka ya 1970 tuliyo nayo ni yale yaliyokwisha kuwa nchini, yenye namba za zamani zisizo na herufi ya mwisho. Muuzaji akikuambia "hutapata lingine", huenda anasema kweli. Bei yake ni habari nyingine.

Vigezo nilivyompa mpwa wangu, kwa uzito wake: bodi, injini, spea pamoja na mikono ya kuzifunga, karatasi, na mwisho jina. Rangi na viti sikuviweka. Hivyo ndivyo hukutongoza ukiwa bado uko getini, na ndivyo rahisi kutengeneza baadaye.

Bodi

Pesa nyingi zimelala hapa, na hazionekani. Mimi hubeba sumaku, maana hushika bati lakini haishiki puti, lile dongo la kujazia mashimo ya bodi. Niliitoa kwenye spika ya redio iliyokufa, nikaifunga kitambaa laini isikwaruze rangi, pamoja na tochi na gunia la kulalia. Wenye nacho wana kipimo cha unene wa rangi. Rangi ya kiwandani husoma kama maikroni 100 hadi 150, iliyopulizwa tena husoma 200 na zaidi, na kipimo kikipita 1,000 ujue unapima puti. Asiye na sumaku wala kipimo atumie kifundo cha kidole. Bati hujibu kwa mlio, puti hujibu kama kiazi.

Kisha inama utazame upande wa chini wa milango. Kuna matundu madogo ya kutolea maji ya mvua yanayopenya pembeni mwa vioo. Fundi anayejua kazi huyaacha wazi. Fundi wa haraka huyaziba kwa puti na rangi, na kuanzia siku hiyo mlango unaoza kutoka ndani huku nje unang'aa. Na ukikuta tumbo zima la gari limepakwa lami nyeusi mbichi, uliza ilipakwa lini, kisha uliza kwa nini ilikuwa wiki iliyopita.

Nina kovu hapa. Miaka kadhaa iliyopita nilinunua gari jekundu kutoka gereji niliyoiamini. Mvua za Aprili zilipoanza, kizingiti cha mlango wa dereva kikatoa povu dogo, kama chai inapotaka kuchemka. Nilibonyeza kwa kidole gumba, kidole kikaingia chote. Ndani kulikuwa na puti juu ya gazeti lililokunjwa. Ulikuwa ukurasa wa michezo, na matokeo ya mechi bado yalisomeka.

Uliza pia gari lililala wapi miaka hiyo yote. Wengi huogopa gari la Kisumu kwa sababu ya ziwa, lakini maji ya ziwa letu hayana chumvi. Anayekula mabati ni upepo wa Mombasa. Gari lililokaa Pwani miaka kumi kisha likapakwa rangi Nakuru bado ni gari la Pwani.

*Mercedes.* Kupe hii ya ukoo wa 123, iliyotengenezwa kuanzia 1977 hadi 1985, ni fupi kuliko saluni yake kwa sentimita 8.5, na haina nguzo kati ya vioo vya pembeni. Ukishusha vyote vinne unabaki na dirisha moja refu. Huo ndio uzuri wake na ndio mzigo wake, maana milango, vioo na raba za pembeni huwezi kuvitoa kwenye saluni iliyokufa. Kutu huanzia sehemu za kuwekea jeki, kwenye sakafu chini ya zulia, kwenye pembe za chini za kioo cha nyuma na kwenye tao za magurudumu. Ile ya Nakuru ilishika sumaku kila mahali isipokuwa tao moja la nyuma. Matundu ya milango yalikuwa wazi. Muuzaji aliinua zulia mwenyewe kabla sijamwomba.

*Peugeot.* Wengi hudhani ni 504 ya kawaida iliyopunguzwa milango. Sivyo. Bodi hii ilichorwa na kuundwa na Pininfarina kule Italia, na karibu hakuna bati lake linaloingiliana na saluni. Kwa hiyo fenda ikibondwa na bodaboda pale Kondele huendi kununua nyingine, unatafuta fundi wa kuifua kwa nyundo. Ile ya Kisumu ilikuwa na fenda ya kushoto iliyofuliwa hivyo. Nilisimama pembeni nikatazama kivuli cha waya wa ua kikipita juu ya rangi. Kulia kilinyooka, kushoto kilitetemeka kama maji yaliyoguswa. Sumaku iliteleza kwenye vizingiti vyote viwili.

*Datsun.* Magonjwa ya 240Z yanajulikana: kitako cha betri, sakafu, reli za chasisi chini ya sakafu, na ukingo wa chini wa mlango wa nyuma. Kheri yake ni kwamba gari hili liliuzwa kwa wingi mno Marekani, kwa hiyo kuna watu ng'ambo wanaotengeneza mabati mapya ya karibu kila pembe. Shimo lake lina dawa, ukiwa na pesa, subira na moyo wa kukabiliana na ushuru. Ile ya Eldoret ilikuwa na lami mbichi tumboni, na muuzaji hakutaka tuweke jeki. Alisema rangi ingeharibika. Rangi gani, iliyo chini ya sakafu?

Injini

Kwanza neno kuhusu kipimo cha kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda, maana limewakosesha watu magari mazuri. Namba za kitabuni ni za usawa wa bahari. Nakuru iko kama mita 1,850 juu, na hewa yake ina mgandamizo pungufu kwa karibu moja ya tano, kwa hiyo injini nzima kabisa itasoma chini ya kitabu. Tazama silinda zinavyokaribiana. Zote zikiwa chini kwa usawa, huo ni mlima unaosema. Moja ikiachwa nyuma na wenzake, huo ni ugonjwa. Kabureta nazo zina mambo yake: iliyowekwa sawa Kisumu ikipanda Timboroa itameza petroli kupita kiasi na kutoa moshi mweusi, na hilo si kosa la injini.

Kisha mpe gari mlima. Mercedes niliipeleka hadi Mau Summit, Peugeot tukaipandisha Riat kutoka Mamboleo saa saba mchana, na Datsun tukaenda nayo Burnt Forest na kurudi.

Injini ya 280 CE ni silinda sita, ujazo wa sisi (cc) 2,746, kamshafti mbili, na petroli inaingizwa kwa mfumo wa Bosch K-Jetronic. Ikiwa nzima utasahau umri wake. Ikichezewa na asiyeijua, inakataa kuwaka ikiwa moto, na fundi anaanza kubadilisha kitu kimoja kimoja kwa pesa zako. Hii iliwaka mara ya kwanza, ikiwa baridi na ikiwa moto.

Peugeot ilikuwa ya silinda nne, sisi 1,971. Mfumo wake wa asili wa kuingiza mafuta uling'olewa zamani na mahali pake pakawekwa kabureta. Kwa mtunza asili hilo ni pengo la kukatwa kwenye bei. Kwa mtu anayetaka kuliendesha hadi Busia Jumapili, huenda ni ahueni. Geji ya joto ilipanda Riat bila kuvuka katikati.

Datsun ndiyo iliyokimbia vizuri kuliko zote, na hapo nikashuku. Injini ya 240Z ni L24, sisi 2,393. Bloku hii ilisomeka L28, nduguye mkubwa, ambaye alifungwa pia kwenye Nissan Patrol. Gari linapendeza zaidi barabarani, lakini 240Z yenye moyo wa Patrol haiwezi kuulizwa bei ya 240Z yenye moyo wake.

Spea na mikono

Hapa mizani inageuka, na Peugeot inainuka. Kwa miaka mingi 504 ziliunganishwa Mombasa, na zile za familia ndizo zilizobeba abiria wa haraka kati ya Nairobi, Nakuru na Kisumu. Wazee waliozifungua na kuzifunga usiku kucha bado wapo. Mmoja alikuja kuisikiliza ile ya mpwa wangu, akasimama mbali, mikono nyuma. "Jaduong', mzee wetu, unasemaje?" nikamuuliza. "Zima injini," akasema. "Valvu ya tatu inataka kurekebishwa." Hakuwa amefungua boneti.

Mercedes inakula spea za kimitambo za saluni za 123, zilizojaa nchini, na kampuni yenyewe bado huuza vipuri vingi vya magari yake ya zamani. Ugumu uko kwenye vitu vya kupe peke yake: raba, vioo, na vile vipuli vya ndani. Datsun itakulazimisha kuagiza nje karibu kila kitu kisichokuwa injini. Vitu vipo. Vitafika.

Karatasi

Kwa shilingi mia tano na ushee NTSA, mamlaka ya usafiri inayosajili magari, itakupa rekodi ya gari. Fanya hivyo kabla ya kupanda matatu ya kwenda kuliona. Linganisha namba ya chasisi na iliyogongwa kwenye bati, kisha namba ya injini, kisha rangi. Kwenye 240Z ya usukani wa kulia chasisi huanza na HS30, na ukikuta kibao kimefungwa kwa skrubu mpya huku mahali pa kugonga pamepakwa rangi nzito, rudi nyumbani.

Karatasi za Mercedes zilikuwa safi. Za Datsun zilionyesha injini tofauti na iliyomo, jambo linalorekebishika kwa ukaguzi, ila arekebishe muuzaji kabla hujalipa. Peugeot ndiyo iliyonitia jasho: ilikuwa bado kwa jina la marehemu, na anayeiuza ni kitinda mimba. Bila hati ya usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani, hana cha kukuhamishia, hata kama ndugu zake wote wamekaa uani wanakunywa chai na kutikisa vichwa kukubali.

Bima ni fupi. Kampuni nyingi husita kutoa bima kubwa kwa gari la umri huu, na zikikubali, shikilia thamani iliyoafikiwa kwa maandishi baada ya tathmini, kama ile ya AA Kenya, chama cha wenye magari. Vinginevyo siku ya ajali utalipwa bei ya chuma chakavu.

Jina

Jina lina thamani, tusijidanganye. Datsun 240Z ilishinda mbio za magari za Safari mwaka 1971 ikiendeshwa na Edgar Herrmann, na mwaka 1973 ikiendeshwa na Shekhar Mehta. Mwaka 1978 Jean-Pierre Nicolas alishinda kwa 504 Coupé ya V6, yaani silinda sita. Mercedes ya 123 haikushinda Safari, ingawa ndugu yake wa saluni, 280 E, alibeba mbio ndefu za London hadi Sydney mwaka 1977. Tangu Safari irudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, kule Naivasha, kila mwenye 240Z amegundua kwamba gari lake lina damu ya kifalme.

Lakini gari linalofanana na mshindi halikushinda kitu. Ya Eldoret ilikuwa imebandikwa namba milangoni na taa nne puani. Nilipouliza kama ilishiriki, nikaambiwa "inasemekana". Na hiyo Peugeot ni ya silinda nne, V6 ya Nicolas haimhusu. Jina lilipie pale tu penye picha za wakati ule, kadi za mashindano na chasisi inayolingana.

Hesabu zangu

Mimi huchukua kazi iliyobaki, naipeleka kwa mafundi wawili wasiojuana, nashika bei ya aliye ghali, kisha naongeza thuluthi kwa ajili ya yasiyoonekana. Natoa jumla hiyo kwenye bei ambayo gari la namna hiyo limeuzwa kweli, si ile iliyotangazwa. Mercedes ilishuka hadi kama milioni 2.6. Peugeot, kwa vizingiti, fenda na mirathi, ilifika milioni 1.8, na hilo ni baada ya karatasi kunyooka. Datsun sikuipa bei. Gari lisiloinuliwa kwa jeki halina hesabu. Likiinuliwa na reli zikawa nzima, hata kwa L28 yake milioni 3 huenda ni zawadi. Zikiwa zimeoza, unanunua vioo, taa na namba ya chasisi.

Kwa hali yako

Kama una familia na unataka kwenda Nakuru na kurudi Kisumu bila kubeba sanduku la spana, na uko tayari kumtafuta mtu mmoja anayeijua K-Jetronic na kumshikilia kama mkwe, Mercedes itakufaa. Usitegemee kwamba itapanda bei haraka. Bado kuna nyingi.

Kama unaishi Kakamega, Bungoma au Siaya, na unamjua mzee wa Pijo, Peugeot itakugharimu kidogo kila mwezi na kukuletea salamu kila kituo cha petroli. Sharti bodi iwe nzima tangu mwanzo. Anayenunua 504 Coupé iliyooza kwa sababu injini ni rahisi amelinunua gari kinyumenyume. Na kama huna subira ya mahakama, subiri warithi wamalize kwanza.

Kama una mapato ya kuongeza kidogo kidogo kwa miaka mitatu minne, una mahali pakavu pa kulilaza, na Safari iko damuni, 240Z ndiyo itakayokuwa rahisi kumpata mnunuzi siku ukichoka. Nenda na fundi wa bodi, umwache wa injini nyumbani.

Kama una milioni 3 kamili na hakuna nyuma yake kitu, au ni mkopo wa Sacco, hakuna hata moja kati ya haya kwa bei hiyo. Toa milioni 2.3 au 2.4 na ubaki na akiba, maana kila moja litakudai kitu kabla ya mwezi wa sita. Na kama unakusudia kuuza ndani ya mwaka, tafuta lisilofufuliwa lakini zima, lenye rangi yake iliyochoka. Huko unaona unachonunua.

Mpwa wangu alitoa milioni 2.5 kwa ile ya Nakuru, akamwonyesha muuzaji mahali sumaku ilipoanguka. Muuzaji alisema atafikiria. Hiyo ni wiki ya pili sasa, na gari bado liko kwenye tangazo, picha zile zile, isipokuwa ile ya tao la nyuma imeondolewa.